Mshauri wa Kosa la Wiki

Hakuwahi kuniuliza najisikiaje. Watu wa kazi yake huuliza hivyo, nimewasikia redioni. Yeye akishafunga mlango alivuta kiti, akakaa, akasema, "Haya. Leo umekula nini, na umekula na nani?" Ukijibu kwamba umekula kidogo, alikungoja mpaka ukitaje chakula kwa jina lake. Viazi viwili. Chai kavu. Nusu ya ndizi. Nilimchukia kwa swali hilo miezi mitatu mizima, na sioni sababu ya kuficha leo.

Tuliopita mikononi mwake tulimwita Mshauri, basi. Jina analo, na Mbinga wapo wengi wanaolijua, ila yeye hakutaja majina ya wagonjwa wake hata alipobanwa, nami nimeona nimtendee vivyo hivyo.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye veranda ya hospitali, baada ya stoo, na mlango wake ulikuwa na sifa mbaya. Kwa miaka mingi ulifunguliwa kwa watu waliokuja kupokea majibu ya virusi. Ukionekana umekaa kwenye lile benchi, kabla hujafika stendi habari zako zimeshafika Kitai. Alilijua hilo vizuri. Mtu akisita mlangoni, alijitupia mtandio begani na kusema, "Twende tukatembee," na kazi ikafanyikia njiani. Nusu ya matibabu yangu niliyapata sokoni katikati ya wauza viazi, yeye mbele, mimi nyuma, maana alitembea kama anakimbia mvua. Wakati mwingine aligeuka na kuniuliza jambo la siri kabisa mbele ya mafungu ya nyanya, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyegeuka kutusikiliza. Watu wa sokoni wana shughuli zao.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Baba Rukia, mzee ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani na biashara zao wakasahau kurudi. Nilishona sare za shule. Mshono ukipinda upana wa uzi mmoja, nilifumua wote. Baba Rukia alinisifu mbele ya wateja, "Kazi ya huyu binti hairudishwi," na ni kweli haikurudishwa, kwa sababu kila sketi ilikuwa imesharudiwa mara nne kabla mteja hajaiona. Nilijiona fundi bora wa Mbinga nzima. Nilikuwa pia fundi mchovu kuliko wote, lakini hilo sikulisema.

Kuacha kula kulianza Kwaresima. Nyumbani kwetu, huko juu kuelekea Kitura, sote tunafunga, na hilo si jambo la kumshangaza mtu. Mwaka ule nilifunga vizuri kuliko wote. Katekista alinitaja kwenye jumuiya kuwa mfano kwa vijana, na Mama alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Pasaka ikafika, wenzangu wakala nyama, mimi nikaendelea. Nani angemkataza binti kusali na kujinyima? Nikaacha mafuta, nikaacha mboga ya karanga, nikaacha ugali, nikabaki na chai na viazi nilivyovikata vipande vinane vinane. Mwaka ulipogeuka nguo zangu zilishikwa na pini. Siku zangu za mwezi zilikatika, nami nikaona huo ni ushindi.

Siku moja niliangukia cherehani. Baba Rukia na mkewe walinipeleka hospitali, nikapimwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, mimba, na kile ambacho kila mtu alikuwa anakiwaza bila kukitaja. Vyote hakuna. Daktari akaandika kwamba sina ugonjwa. Mama akasema kama hakuna ugonjwa basi ni mkono wa mtu, na akaanza kuwataja majirani mmoja mmoja. Muuguzi wa zamu ndiye aliyenishika kiwiko akanipeleka mpaka mlango wa mwisho.

Siku ile ya kwanza Mshauri aliniuliza, "Ukila, unaogopa nini kitatokea?"

"Nitaharibika."

"Utaharibika kama nini?"

Nilifikiri sana. "Kama sketi," nikasema.

Hakucheka. Aliandika kwenye daftari, akalifunga, kisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine mwenye koti jeupe. "Huu ugonjwa wako nimeusoma ukurasa mmoja tu kwenye kozi. Najua upo, najua unaua. Nipe wiki mbili niusome vizuri. Lakini katika hizo wiki mbili utakuja kula hapa, na mimi, kila siku ya kazi."

Aliusoma kweli. Alipiga simu kwa watu aliosoma nao, akaletewa vitabu na basi la Songea, akavisoma akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu hakuna iliyomtosha peke yake. Kila wiki alimtuma daktari anipime mapigo ya moyo na damu. Aliposhika jambo jipya alinieleza bila kulipamba. Njaa yangu, alisema, nimeifukuza muda mrefu mno, haitarudi kwa kuitwa mara moja. Kwa hiyo nitakula kwa saa, kama mtu aliye kwenye dozi: asubuhi, saa nne, mchana, saa kumi, usiku. Nikiwa na hamu, nikiwa sina hamu, saa ni saa.

Alikula pamoja nami uji wa ulezi kutoka kwenye chupa yake ya chai, na viazi, na chapati. Alikula vibaya mno. Aliongea chakula kikiwa mdomoni, alilamba vidole, alidondosha makombo kwenye mafaili ya serikali. Mimi niliyekuwa nakata kiazi kwa mpangilio nilishindwa hata pa kutazama. Baadaye nilijiambia kumbe alifanya makusudi, ili nione kwamba mtu anaweza kula bila utaratibu na dunia isipasuke. Nilimheshimu sana kwa ujanja huo, mpaka siku nilipomwona kwenye harusi ya muuguzi mmoja akila vilevile, na mchuzi kwenye kola. Hakukuwa na ujanja wowote pale.

Mbinga ni mji wa mizani. Msimu wa kahawa ukifika, kila mtu anajua kilo za mwenzake, na mtoto wa darasa la pili anaweza kukusomea mshale. Kwa Mshauri nilipanda mizani nikiwa nimeipa mgongo. Yeye alisoma, akaandika, akafunga daftari. Nilimsihi, nikamdanganya, siku moja nikajaribu kuchungulia kupitia kioo cha dirisha. Aliniona. "Hizi namba ni za kazi yangu," akasema. "Kazi yako ni sahani."

Dawa yake kubwa aliiita kosa la wiki. Kila Jumatano nilipaswa kumletea kosa moja nililolifanya makusudi na kuliacha bila kulirekebisha. Lisiwe la kumuumiza mtu. Hapo alikuwa mkali. La kwanza lilikuwa pindo la sketi lipinde kidogo mahali pamoja, nimkabidhi mteja, nisiseme neno. Niliogopa kuliko siku ya kipaimara. Mteja, mama mmoja mwenye haraka zake, aliikunja sketi, akaitia mfukoni, akaondoka. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Jumatatu asubuhi nilijibanza kwenye kona ya njia ya shule nikimsubiri mtoto wa watu. Akapita anakimbia, sketi inapepea, na lile pindo langu limeshajaa tope.

Nilirudi kwa Mshauri nimefura. "Hajaona!" nikamwambia. "Hakuna aliyeona!"

"Sasa hasira za nini?"

Miaka yote ile nilikuwa nafumua nguo kwa ajili ya macho ambayo hayakuwepo, na hilo liliniuma zaidi ya njaa. Mshauri aliandika, kisha akanipa kosa la wiki ya pili, ambalo lilikuwa kuchelewa misa kwa dakika kumi. Yakafuata mengine: kuvaa kandambili zisizofanana hadi dukani, kuacha sufuria moja bila kuoshwa, kula muhogo wa kukaanga nikiwa nimesimama barabarani, watu wakinitazama.

Huyohuyo mwalimu wa makosa alikuwa hawezi kuvumilia kuchelewa. Ukifika saa tatu na dakika tano ulikuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Ukurasa wa rejista ukichafuka wino aliunakili wote upya, nami siku moja nikamkamata. "Na wewe leta kosa la wiki," nikamwambia. Aliuacha ukurasa na doa lake, lakini nilimwona siku nzima jicho likirudi palepale. Madaktari walimkataza sukari kwa ajili ya kisukari, naye aliificha kwenye droo, ndani ya boksi lililoandikwa fomu za rufaa. Nilipomuuliza, alisema kila mtu ana sehemu yake inayofundishika polepole.

Alikuwa Mnyasa wa ufukweni, tena Mwanglikana, na sisi Wamatengo tu Wakatoliki tangu tumboni. Utani ulikuwepo. Alisema watu wa milimani tunaishi kwenye mteremko kiasi kwamba hata moyo umejifunza kubana breki. Mama alimjibu kwamba watu wa ziwani hawana mteremko wala breki. Walipendana tangu siku hiyo.

Siku moja alipanda kwetu kwa miguu kupita mashamba ya ngolo, yale mashimo tunayolimia mahindi kwenye miteremko, akafika anahema na viatu mkononi. Mama alikuwa amechinja kuku, amesonga ugali wa kutosha ukoo, na alinipakulia huku akilia na kunisema. Mshauri akamwita nje. Nilisikia kila kitu kupitia dirishani.

"Mama, kuhusu sahani yake usiseme neno."

"Mimi nimtazame mwanangu anakufa, nisiseme?"

"Sema. Sema habari za mvua, za kahawa, za hao majirani unaosema wamemloga. Sahani yake iache."

Mama alirudi akakaa. Alijaribu kwa kadiri Mungu alivyomjalia. Aliongelea mvua, akaongelea ugonjwa wa kahawa, akarudi kwenye mvua, jasho linamtoka, macho yake yakikimbilia sahani yangu na yeye akiyarudisha kwa nguvu. Baba hakuelewa kwa nini mvua imekuwa jambo kubwa hivyo wakati wa kiangazi. Nilikula matonge manne, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwenye chakula baada ya mwaka na zaidi.

Kwaresima nyingine ilipokaribia niliogopa, na nadhani yeye aliogopa zaidi. Ingawa yeye ni Mwanglikana, alinichukua mpaka kwa Padre wetu, akamweleza mambo yangu kwa ruhusa yangu. Padre alishika kichwa. Akasema mwaka ule mfungo wangu utakuwa kula, mara tano kwa siku, na nikiona ni vigumu nimtolee Mungu ugumu huo. Njiani kurudi Mshauri alisema hakujua mapadre wetu wana akili. Nilimwambia Padre naye atakuwa anasema hivyohivyo kuhusu Waanglikana.

Lakini sitaki kumchora mtakatifu, maana aliniumiza mara moja vibaya. Ilikuwa mwezi wa nne au wa tano wa matibabu. Niliingia chumbani, naye kabla hajafikiri akapiga makofi: "Loo, umependeza! Umenenepa, uso umejaa!" Kwetu hayo ni maneno mazuri, shangazi yeyote angeyasema. Mimi nilisikia sketi nzima ikifumuka. Nilirudi nyumbani, na kwa siku mbili hakikupita kitu kinywani mwangu zaidi ya maji. Siku ya tatu alinifuata kwa Baba Rukia, akavuta stuli, akaniuliza kilichotokea. Nikamwambia, na sikumpunguzia ukali.

Aliinuka. Mtu mzima, anayelingana na mama yangu, mbele ya wateja na Baba Rukia akisikiliza, akasema, "Nimekosea. Samahani, mwanangu."

Nilisubiri aendelee. Mimi ningejilaumu wiki nzima, ningetoa maelezo, ningelia. Yeye aliketi, akafungua chupa, akanimiminia uji, na wa kwake. Kosa lilikuwa limefanyika, limesemwa, na saa ya kula ilikuwa imefika. Mengi aliyonifundisha nimeyasahau, hilo sijalisahau.

Kuanzia siku hiyo aliniwekea sheria. "Sitakusifu tena kwa kula," alisema. "Nikikusifu nakuwa katekista wa pili. Sifa ndizo zilizokunyima chakula. Sitaki ulishwe na sifa." Nililalamika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuwa mgonjwa bora wa Mbinga nzima, nafika mapema, namaliza sahani, namtazama usoni. Alinisoma mapema kuliko nilivyojisoma.

Si wote waliopona. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyeacha kuja, na wazazi wake wakahama naye. Saa ya yule binti, Alhamisi saa nane, Mshauri aliiacha wazi mwaka mzima. Alikaa mle chumbani mlango ukiwa umefunguliwa, akijifanya anapanga mafaili. Nilipomwambia haitasaidia, alinijibu kwa ukali kwamba anajua, na nisimfundishe kazi.

Mimi nilipata nafuu, polepole, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Siku zangu zikarudi. Nikaolewa. Nikafungua kibaraza changu mwenyewe, nikaajiri mafundi wawili ambao mishono yao hunikera, na siwafumulii. Watu wakinisalimia, "Umenenepa!" najibu, "Asante, na wewe habari za nyumbani?" kama alivyonifundisha, kisha naendelea na safari yangu.

Nimemwona mara ya mwisho mwaka huu, masika yakiwa yanaishia. Alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao ufukweni, kijiji kimoja mbele ya Mbamba Bay, anaishi na mdogo wake mjane. Nami nilikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ambayo niliwahi kuambiwa nisiitegemee.

Kliniki wanapima uzito kila unapokwenda. Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Muuguzi alisoma kilo kwa sauti, akaandika kwenye kadi, akanikabidhi. Wiki hiyo niliacha chakula cha saa nne. Wiki iliyofuata nikaacha nusu ya ugali wa usiku. Mume wangu akauliza, nikamwambia ni kiungulia. Niliporudi kliniki sikuwa nimeongezeka hata kidogo, na muuguzi akasema, "Mama kijacho, mtoto huyu ni mdogo kuliko inavyotakiwa." Nilitoka pale nikiwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na kitu kimoja ndani yangu kilichofurahi kwamba sijaongezeka. Niliiogopa furaha ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukiogopa. Kesho yake nikapanda basi la ziwani.

Nilimkuta kwenye mkeka, upande wa nyumba wenye kivuli. Amezeeka. Sikio moja halisikii, vidole vimevimba. Usipa, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye vichanja mpaka karibu na maji.

"Shikamoo, Mshauri."

"Marahaba. Karibu. Naona mmekuja wawili."

Nilimweleza kabla hata sijakaa vizuri. Nilimweleza yote, hata ile furaha. Nikamaliza kwa kusema, "Na mimi nilidhani nimepona."

"Nani alikuambia?"

"Si wewe? Ulifunga faili langu."

"Kabati lilikuwa limejaa," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Ulitaka upone bila doa. Umesafiri na tumbo hilo mpaka hapa kuja kuniomba radhi mimi. Ukila, unaogopa nini?"

"Kunenepa."

"Na usipokula?"

Nilishindwa kulitamka. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja zamani, mpaka nikalitamka. Nilisema nitamuua mtoto wangu, nikalia kwa sauti mpaka mdogo wake akatokea mlangoni.

"Haya," alisema Mshauri. "Rudi kliniki kesho, mwambie muuguzi hayohayo uliyoniambia mimi. Mizani ipe mgongo, akuandikie asikusomee. Mumeo mwambie kwamba si kiungulia. Wale wapo karibu nawe. Mimi ni mzee na niko mbali, huwezi kula kwa ajili yangu."

Mdogo wake alileta ugali wa muhogo na usipa wa kuchemsha na nyanya, tukakaa watatu kwenye sahani moja. Mdogo wake alikula haraka, akainuka kwenda kugeuza usipa kwa sababu wingu lilikuwa linapanda upande wa Malawi. Mshauri alimega matonge matano au sita, akiongea mdomo umejaa kuhusu mchungaji wao mpya asiyejua kuimba. Katikati ya neno akanyamaza. Nilipomtazama alikuwa ameegemea ukuta, amelala usingizi, na ugali umemganda vidoleni.

Nusu ya ugali ilikuwa imebaki. Nilisubiri aamke. Nasema kweli, nilitaka aamke anione nakula. Maisha yangu yote nimekula au nimeacha kula mbele ya mtu. Kuku wawili walikuwa wameshasogea kwenye ukingo wa mkeka, na ningeweza kuwasukumia ile sahani. Akiamka angeikuta tupu, angeamini nimekula. Mdogo wake alikuwa amenipa mgongo, ameinamia kichanja cha mwisho.

Niliwafukuza kuku kwa mguu. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Kisha nikamega jingine.